Nyuma ya Kanisa, Riverside

Jumapili ile, kuanzia saa tano na dakika arobaini hadi karibu saa tisa mchana, nilisimama nyuma ya kanisa moja katika mtaa wa Riverside, mjini Buffalo, nikinyeshewa mvua iliyokuwa ikiganda juu ya koti langu. Nilikuwa namsubiri mdogo wangu, Mwadime. Ibada ilipokwisha, Mwadime naye alisimama mbele ya kanisa hilohilo akinisubiri mimi. Alisubiri, akachoka, akaondoka. Kati yetu palikuwa na jengo la matofali lenye upana wa madarasa mawili.

Tangu nirudi Louisville mmeniuliza nini kilitokea, na kila nikianza kueleza naishia katikati. Nimeona niandike yote mara moja, kwa mpangilio. Habari za tikiti na ruhusa ya kazini nitaziacha. Nilipokuwa nikisoma taarifa katika redio moja pale Voi nilizoea kuandika saa na mahali kabla ya jambo jingine lolote, na katika safari hii nilifanya hivyo hivyo. Ndiyo maana saa nazikumbuka.

Baba alifariki Alhamisi, nyumbani Wundanyi. Mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Sababu za mimi kutoweza kwenda mnazijua. Iliyobaki ni kazi moja: kumwambia Mwadime.

Mwadime ni kitinda mimba wetu. Alikuja kusoma Columbus, akaacha chuo mwaka wa pili bila kumwambia mtu. Baba alipojua alimwambia kwa simu, "Usinipigie tena mpaka uwe na cheti mkononi." Mwadime akatii. Alitii mwaka mmoja na nusu, akabadili namba, akatukimbia sote. Na Baba, miezi yake ya mwisho, kila nilipopiga simu aliuliza swali moja tu: "Mwadime amepiga?"

Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia, alinipa amri fupi. "Ataambiwa na mtu wa damu yake, uso kwa uso. Usimpe mtu mwingine aibebe habari hii." Nikakubali. Niliona ni haki ya Mwadime.

Nilikuwa nimesikia fununu kwamba yuko Buffalo na kwamba anasali na Wakongomani. Mwenzangu mmoja kazini, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, aliuliza katika makanisa yao, na kabla ya jioni ya Alhamisi hiyohiyo nilikuwa na namba ya mwanamke aitwaye Mama Furaha. Nikampigia.

"Anaitwa Mwadime," nikamwambia. "Ni Mkenya, mwembamba, ana kovu kidevuni."

"Eeh, ule Mukenya wa kuimba. Anakuyaka kila siku ya Mungu. Mutoto muzuri."

"Naweza kuzungumza naye?"

"Simu yake leo iko, kesho haiko. Bon, wewe kuya. Kanisa inaanzaka saa tano. Nitamwambia akungoye nyuma ya kanisa."

"Mwambie ni dada yake, Wakesho. Nina jambo la kumwambia."

"Jambo gani?"

Niliikumbuka amri ya Baba mdogo. "La nyumbani tu, mama."

"Sawa. Nyuma ya kanisa, basi."

Niliandika kwenye daftari: Jumapili, saa tano, nyuma ya kanisa. Nikapigia mstari. Nilijua tabia ya Mwadime. Nikadhani ni yeye atakayetaka pembeni, mahali ambapo watu hawatamwona dada mtu akilia.

Louisville hadi Columbus

Ijumaa basi liliondoka saa moja na robo asubuhi. Louisville kulikuwa na baridi kavu, jua jeupe, theluji chafu pembezoni mwa barabara. Baridi hiyo naijua. Unavaa, unaingia ndani, imekwisha.

Cincinnati tulikaa saa mbili na dakika kumi. Dereva wa kutupokea hakuwa amefika, na hakuna aliyetueleza chochote. Karibu nami alikaa mzee wa Kimarekani mwenye kofia ya masikio, akila korosho moja moja kama anayemeza dawa. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Buffalo.

"Wakati huu wa mwaka?" akasema. "Kwa hiari yako?"

Nikamwambia nina mtu wa kumwona huko. Alitafakari, akanisogezea mfuko wa korosho. Alisema alizaliwa huko, na kwamba theluji ya Buffalo watu wote wanaijua, lakini kitu cha kuogopa ni mvua ya ziwani inapokuja na baridi. "Theluji unaikung'uta," akasema. "Mvua ile inakaa na wewe." Nilimshukuru kwa korosho. Yale mengine nilidhani ni maneno ya wazee.

Hilliard

Nililala kwa Mghoi, tuliyesoma pamoja Wundanyi, ambaye sasa ni muuguzi na anaishi Hilliard, kaskazini-magharibi mwa Columbus. Mwadime alikaa chumba cha chini cha nyumba hiyo alipokuwa chuoni. Mghoi alikuwa amepika chapati na ndengu, tukala. Alimwita bintiye aje kunisalimu kwa Kiswahili. Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba ana kazi ya shule.

"Anaelewa kila kitu," Mghoi akasema. "Kuongea ndiyo hataki. Hata Mwadime alikuwa anamwambia, utakuja kutafuta mtu wa kuongea naye umkose."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku Baba alipompigia, Mwadime alipanda juu, akaosha vyombo vyote vya jikoni, hata vilivyokuwa safi. Asubuhi alikuwa ameondoka.

"Ningekupigia siku ile," Mghoi akasema. "Nilidhani ni hasira za siku mbili."

Hatukulaumiana. Viatu vyangu vilikuwa vya Louisville, havifai kwa barafu, kwa hiyo akanipa buti zake. Ni kubwa kwangu kwa saizi mbili. Nikavaa soksi jozi tatu.

Columbus hadi Erie

Kutoka Columbus nilipata nafasi katika gari la Papa Elie, Mkongomani apelekaye unga wa muhogo na samaki wakavu kwa maduka ya watu wao Buffalo. Alinipitia Jumamosi saa mbili asubuhi. Gari lilikuwa linanuka ndagala, lakini sakafu yake ilikuwa safi kama ya sebule.

Nilipofungua mlango akatazama buti zangu. "Mama, tosha viatu."

"Hata havinitoshi, Papa," nikamjibu. "Ni vya kuazima, vimezidi."

Akanitazama. Nikamtazama. Akarudia, safari hii akionyesha kwa mkono, na ndipo nikaelewa kwamba kwao kutosha ni kutoa. Alitaka nivue. Alicheka mpaka Delaware, mji ulio nusu saa kaskazini mwa Columbus.

"Niliambiwa unasomaka habari mu redio," akasema. "Basi redio yenu iko na shida."

"Na nyinyi Kiswahili mmekipeleka wapi?"

"Sisi tumekikata mikono, kiweze kupita mu mulango. Chenu kinavaaka suti mpaka jikoni."

Niliandika neno lile kwenye daftari, na maana yake pembeni. Nilijiona nimekwisha jifunza Kiswahili chao.

Baada ya Cleveland barabara inafuata ziwa. Sikutegemea nilichokiona. Nimekulia milimani, lakini Mombasa naijua, na ile haikuwa sura ya ziwa. Ilikuwa pwani: maji hayana ng'ambo, mawimbi yana povu, upepo unasukuma gari pembeni. Tofauti ni rangi. Kila kitu kilikuwa na rangi ya sufuria iliyoungua. Theluji ilianza ghafla, kama mlango umefungwa, na karibu na Erie polisi walikuwa wamefunga barabara.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta saa saba mchana. Hatukuondoka tena hadi kesho yake. Malori yalikuwa yamejipanga pande zote mbili, madereva wamelala vitini. Papa Elie alitoa mayai ya kuchemsha, na fufu ya baridi, ugali wao wa muhogo, aliyofungiwa na mkewe, akaikata kwa kisu kama keki. Nilimwuliza kama tutafika kabla ya saa tano kesho.

"Ni nini iko saa tano?"

"Nimwone mdogo wangu kanisani."

"Kama ni kanisa, haina shida. Kanisa yetu haiishake."

Alitaka kujua kama kuna ubaya nyumbani. Nikasema hapana. Hapo ndipo nilipodanganya kwa mara ya kwanza, na nilidanganya kwa sababu ya amri ya Baba mdogo. Papa Elie hakuuliza tena. Alifuta kioo kwa kiganja, akatazama nje.

"Kwetu ku milima baridi inakuyaka asubui, saa ine imeenda," akasema. "Hii ya huku imepata papiers, karatasi ya kukaa. Haiendi."

Riverside

Barabara ilifunguliwa Jumapili saa mbili asubuhi. Baada ya mpaka wa jimbo la New York theluji iligeuka mvua, nikafurahi. Nilidhani hali imepoa. Papa Elie hakufurahi. Alipunguza mwendo mpaka baiskeli ingetupita. Mvua ilikuwa ikianguka kama mvua ya kawaida ya masika, matone ya kawaida, lakini kila tone lililogusa kitu liligeuka kioo. Miti ilikuwa imeinama. Nyaya za umeme zilikuwa nene kama kamba za kufungia ng'ombe. Gari moja lilituvuka upande upande, taratibu, dereva wake ameshika usukani kwa mikono miwili na hakuna anachoweza kufanya.

Riverside ni mtaa wa nyumba ndogo za mbao, zenye vibaraza, kando ya mto Niagara. Upepo unatoka ziwani, unafuata mto, unaingia mitaani. Papa Elie alinishusha mbele ya kanisa saa tano na dakika thelathini na nane, akasema atarudi baada ya kushusha mzigo. Nilisikia ngoma na waimbaji ndani. Sikuingia. Nilikuwa nimechelewa dakika thelathini na nane, na nilimwazia Mwadime amesimama huko nyuma peke yake muda wote huo. Nilizunguka jengo nikishika ukuta, kwa sababu chini palikuwa barafu tupu na buti zilikuwa zinanivuka.

Nyuma palikuwa na uwanja wa kuegesha magari, pipa kubwa la taka, ngazi tatu na mlango wa jikoni. Hapakuwa na mtu. Nikatoa simu nimpigie Mama Furaha. Ilikuwa na nusu ya chaji. Ikawaka, ikazimika kwa baridi, na haikuwaka tena.

Nikasema ametoka kidogo, atarudi. Nikasema nikizunguka mbele dakika moja, hiyo ndiyo dakika atakayokuja. Basi nikasimama. Wanaosema baridi inachoma hawajasimama kwenye mvua ile. Haichomi. Inakuhesabia viungo: kwanza vidole vya miguu, kisha magoti, kisha meno. Mvua ilipiga koti langu ikaganda hapohapo, na nilipokunja mkono, mkono wa koti ulivunjika kama ganda la yai na kuanza kuganda upya. Kope zangu zilikuwa na uzito. Nilijaribu kusema kwa sauti maneno niliyokuwa nimeyapanga, "Mwadime, Baba ametutoka, na alikuwa anakuulizia," lakini midomo haikuweza kutamka "m" ya kwanza.

Saa sita na nusu, kwa saa yangu ya mkononi, mlango wa jikoni ulifunguliwa, akatoka mwanamke na sufuria ya maji ya wali. Akashtuka kuniona.

"Mama, unafanya nini mu baridi? Ingia."

"Namngoja mtu. Nimeambiwa nyuma ya kanisa."

"Nyuma ya kanisa?" Alitazama ndani, kisha akanitazama. "Ingali mbali, mama. Ingia kwanza."

Nikaelewa kwamba nimekosea mahali. Ingali mbali: kumbe si hapa, ni huko zaidi. Nikamshukuru, nikavuka uwanja, nikapita pipa la taka, nikafika kwenye ua wa waya ulio mwisho kabisa, ambako hakuna ukuta wa kukinga upepo. Yule mwanamke alisimama mlangoni akinitazama nikienda. Sijui alinifikiria nini. Alifunga mlango.

Huko kwenye ua nilikaa zaidi ya saa mbili. Karibu saa nane na nusu nyimbo zilikoma. Nikasikia sauti za watu upande wa mbele, milango ya magari, na vyuma vikikwangua barafu kwenye vioo. Watu wanaondoka, nikajiambia. Sasa hakuna atakayemwona. Sasa atakuja. Nikasimama wima zaidi, nikafuta uso, nikaangalia kona zote mbili za jengo. Dakika ishirini nzima nilizitumia kuangalia kona zile.

Saa tisa kasoro dakika kumi nikazunguka mbele. Ukumbini walikuwa wamebaki wanawake wachache wanaofuta meza. Mmoja, mnene, kitenge kimefungwa juu ya sweta, aliniona akasimama.

"Ni wewe Wakesho?"

"Ni mimi."

"Mutoto wa wenyewe, ulikuwa wapi? Tumekungoya. Nimekupigia simu mara ine."

"Nilikuwa nyuma ya kanisa."

"Kanisa imeisha, hukuonekana."

"Nilikuwa nyuma, mama. Huko nje, nyuma. Tangu kabla ya saa sita."

Mama Furaha alinitazama mabega. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, inadondoka kwenye sakafu aliyotoka kufuta. Akaketi.

"Nyuma ya kanisa," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma, "ni kiisha kusali. Watu wakimaliza. Ule kijana amesikia vizuri. Amesimama pale ku mulango, koti mu mukono, robo saa."

Na "ingali mbali" ya yule wa jikoni ilikuwa ya muda, si ya mahali. Mwadime alikuwa ameelewa. Maneno ni yaleyale, aliambiwa na mtu yuleyule. Alikuwa ameishi nao muda wa kutosha kuelewa. Aliyekuwa mgeni ni mimi.

"Alisema nini?"

"Amesema, dada amebadili mawazo. Halafu amesema, ni vizuri, labda alikuya kunirudisha kwa baba."

Nikaketi na mimi. Nikamwambia Baba amekufa. Nilimwambia yeye kabla ya Mwadime, na amri ya Baba mdogo ikaishia hapo, mezani, mbele ya bakuli la sombe, kisamvu chao, lililofunikwa.

Alisogeza bakuli kando. "Ungeniambia ni kilio," akasema, "ningemufungia humu ndani. Ningekalia mulango mimi mwenyewe."

Akanivua buti. Akanipa wali na sombe na maharage, akanilisha vijiko vya kwanza kwa mkono wake kwa sababu vidole vyangu vilikataa kukunjika. Namba ya Mwadime aliipiga huku akinilisha. Haikupatikana.

Siku mbili zaidi

Papa Elie alirudi Columbus bila mimi. Nililala kwa Mama Furaha siku mbili, na mvua haikukatika. Jumatatu alinipeleka kwenye nyumba aliyosikia kwamba Mwadime amepanga chumba, mitaa minne kutoka kanisani. Tulitembea kwa saa nzima, tumeshikana viwiko, tukikanyaga kwenye nyasi kwa sababu njia ya waenda kwa miguu haikukanyagika. Alianguka mara moja. Mimi mara tatu.

Aliyefungua mlango ni kijana Mrundi anayefanya kazi naye ghalani. Alizungumza Kiswahili nilichokielewa chote.

"Alichukua begi jana jioni," akasema. "Alisema kuna kazi mji mwingine."

"Mji gani?"

"Hakusema, dada. Alisema kuna watu wametumwa kutoka nyumbani kumchukua."

"Nani alimwambia hivyo?"

"Alijisemea mwenyewe."

Niliomba kuona chumba. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, sakafu imefagiwa. Nilitazama kwa muda kisha nikasema asante.

Kabla ya kuondoka Buffalo nilimwambia Mama Furaha, akija, mwambie wewe. Usimngoje mtu wa damu. Alikubali kwa kichwa. Baba mdogo bado sijamwambia kwamba nilitoa ruhusa hiyo.

Louisville

Nilifika Jumatano usiku. Jumamosi tulimzika Baba, na mimi nilitazama kwa simu, mezani jikoni, kama mlivyonikuta baadhi yenu mlipokuja. Kiungo cha matangazo kilisambazwa kwa ndugu, kanisa la Wundanyi, na watu wa kwetu walioko nje. Baba mdogo alisoma majina ya watoto. Alipofika kwenye la mwisho alisoma, "Mwadime, yuko Marekani," akapitisha kidole kwenye karatasi kama mtu anayetafuta mstari, kisha akaendelea.

Pembeni ya picha kulikuwa na idadi ya simu na mashine zinazotazama. Majina hayaonyeshwi. Jeneza liliposhushwa ilikuwa arobaini na moja, na ilibaki arobaini na moja hadi mwisho. Mama Furaha hajamwona Mwadime kanisani tangu siku ile.

Wiki hii yote nimekuwa nikipiga simu, ndugu kwa ndugu, rafiki kwa rafiki, nikiuliza nani alitazama na kwa simu gani. Nimeandika kila jina. Nimewapata thelathini na tisa, mimi nikiwemo. Wawili bado.